Kuchezwa Mara ya Pili

Siku aliyozikwa Nasra, wanawake tuliojaa jamvini pale Kilwa Masoko tulisikiliza sifa zake zikipokezanwa kutoka kona moja ya ua hadi nyingine. Alikuwa mpole, alisema mmoja. Hakuwahi kumnyanyulia mtu mkono, alisema mwingine, na mimi nikautazama mkono wangu wa kushoto, ule usionyooka, uliokaa juu ya goti langu. Lori lilikuwa limeigonga bodaboda aliyopanda, na waliomwosha walitoka wamekunja midomo, hawataki kuulizwa. Tatu, mwenyeji wa Mchinga niliyesoma naye chuo na ambaye sikuwa nimemwona tangu wakati ule, alinisogezea sinia la ubwabwa. "Kula, Siku," alininong'oneza. "Usianze." Nikamwambia sijauliza kitu. "Uso wako unauliza," akasema, na macho yake yakashuka mpaka kwenye kiwiko changu, yakaruka haraka kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. Jina langu ni Sikudhani, lakini mwaka ule ninaotaka kuusimulia waliniita Bi Kwanini, na kila nilipoitwa hivyo kofi lilikuwa njiani.

Nilikuwa mwaka wa kwanza katika chuo kimoja kilichojengwa mlimani, juu ya mji wa Lindi. Mabweni yalikuwa na vitanda vichache, tena wavulana walikuwa wamepewa jengo kubwa kwa sababu ambazo hakuna aliyenieleza nilipouliza. Wasichana wengi tulipanga mtaani. Veronika, tuliyemwita Vero, alipanga chumba cha uani nyuma ya kilabu cha pombe. Alikuwa Mmatumbi kutoka milima ya bara ya Kilwa, mrefu, mkimya, mwenye mabega ya mtu aliyelima mpunga tangu utotoni. Asubuhi moja aliingia darasani mdomo wa chini umevimba na kanga imefungwa kiganjani. Wanaume walikuwa wamekuja kuupiga mateke mlango wake. Alisukuma kitanda kikaegemea mlango, naye akakiegemea kitanda kwa mgongo, na kila teke lilipotua alijigonga uso kwenye ukuta wa mbele, maana chumba kilikuwa chembamba kiasi hicho. Mwenye nyumba alimwambia asiwachokoze wateja. "Nikipata kitanda kwenye nyumba ya wanawake nitabaki," aliniambia tukiwa tumekaa kwenye ngazi za maabara. "Nisipopata narudi nyumbani. Siwezi kusoma nimeegemea mlango." Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama mtu anayetaja hali ya mvua. Tangu hapo kila kilichotokea kwetu mwaka ule kilizunguka kitanda hicho kimoja.

Nyumba ya wanawake ilikuwepo. Ilikuwa ya ghorofa moja, ya zamani, mtaa wa chini karibu na soko, na wasichana waliokaa humo walijiita Sare Moja. Walivaa kanga za aina moja siku za Ijumaa, bluu iliyokoza na nyeupe, zenye maandishi ALIYESTAHIMILI NDIYE MWENZETU. Walikuwa na geti la chuma, tangi la maji juani, vyandarua visivyo na matundu, na dada zao waliokwisha kuhitimu ambao waliwatafutia wadogo nafasi za mafunzo kazini. Hakuna mwanaume aliyewahi kulipiga teke lile geti. Walisema wanaume wa mtaa ule waliwaogopa, na nilipofika nikaamini. Walitualika chai Jumapili moja, sisi wa mwaka wa kwanza, tukakaa chini kwenye mkeka ukumbini, wao wakakaa kwenye viti. Kulikuwa na vitumbua vya moto, chai ya mdalasini, na mihogo iliyopikwa kwa nazi mpaka ikawa laini kama siagi. Tuliambiwa tuwaamkie. Nilimwamkia shikamoo msichana ambaye baadaye niligundua nilimzidi umri, naye akaitikia marahaba bila kupepesa macho, akipuliza chai yake.

Nasra alikuwa mwaka wa tatu na ndiye aliyekuwa kungwi wao. Hilo ndilo jina walilolitumia, kungwi, na sisi tuliotaka kuingia tuliitwa wanawali. Walikuwa wameuchukua unyago wa nyumbani, ule tunaochezwa wasichana wa pwani hii tunapovunja ungo, wakauleta chuoni na kuufanya mlango wa nyumba yao. Nasra alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya chini sana, hata ulilazimika kuinama kumsikia. Nadhani ndiyo maana aliipenda. Alituzungukia mmoja mmoja akiuliza, "Umechezwa?" Nikasema nimechezwa, Kitomanga, kwa bibi zangu. Akakubali kwa kichwa. Vero akasema hapana, baba yake ni katekista na alikataza. Viti vikacheka. "Msungo!" alisema mmoja, na neno hilo, ambalo kwetu huwezi kumwita msichana asiyechezwa bila kutafuta ugomvi, likazunguka ukumbi mzima likipokewa kwa vicheko. Vero alikuwa haangalii viti. Alikuwa anaangalia chumba kilichokuwa wazi nyuma yao, kitanda cha chuma, godoro limetandikwa shuka ya maua, chandarua kimefungwa fundo juu. Tulipokuwa tunatoka alipita pale akaligusa lile godoro kwa ncha za vidole, upesi, kama mtu anayeiba.

Majuma yaliyofuata tulitumwa. Tuliteka maji, tulifua, tulipara samaki magamba, tulikuna nazi mpaka mikono ikachanika. Kila mwali alipewa somo, yaani dada wa kumsimamia na kumfundisha. Wangu alikuwa Tatu. Vero hakutakiwa na mtu, kwa hiyo Nasra alisema atamchukua mwenyewe, na wote wakamsifu kwa moyo wake. Kofi la kwanza nililipata kwa kuuliza kwa nini tunapiga magoti kumpa mtu maji. Lilikuwa la Nasra, la kiganja wazi, sikioni, na kwa siku nzima nilisikia mlio kama wa chungu kilichogongwa. "Bi Kwanini," alisema kwa upole, "hapa swali linajibiwa hivyo." Msichana mmoja kutoka Somanga alichelewa na maji akapigishwa magoti juu ya vifuu vya nazi, sehemu yenye meno ikiwa juu, huku amebeba ndoo kichwani. Mwingine aliyesikika akimsimulia mpenzi wake kwenye simu alipakwa pilipili kichaa midomoni, wakamkalisha jikoni mbele ya sufuria ya maji asiyoruhusiwa kuyagusa. Alitokwa ute na machozi mpaka blauzi ikalowa, na wao wakiendelea kumenya vitunguu na kuzungumza habari za mitihani. Hilo ndilo lililonitisha, si ukali. Ukali nilikuwa nimeuona. Lakini wale walipiga kama mtu anavyokoroga uji, mawazo yakiwa mahali pengine.

Siku moja nilikuwa uani naanika nguo, dirisha la jikoni likiwa wazi, nikamsikia Tatu akisema, "Yule Mmatumbi humfundishi kitu, Nasra. Siku ya ngoma atajibu nini?" Kisu kiligonga kibao mara kadhaa kabla Nasra hajajibu. "Mwacheni. Msungo hafundishwi, huvunjwa kwanza." Tatu akacheka kicheko kifupi. "Na asipovunjika?" "Kila mtu huvunjika," Nasra alisema. "Wewe si ulilia kama mbuzi?" Nilisikia maji tu yakimiminwa. Jioni ile nilimsimulia Vero niliyoyasikia, nikamwambia tuache, tutafute chumba pamoja. Aliniuliza chumba chenyewe kiko wapi. "Basi niache nipigwe na wanawake," alisema. "Nikimaliza kupigwa nitalala." Nimekuwa nikibishana na sentensi hiyo tangu wakati huo, katika mabasi, kazini, nikioga. Sijawahi kuishinda.

Ngoma ilifanywa Jumamosi mchana, jua likiwaka. Waligeuza ndoo za plastiki wakazipiga kwa miiko, redio wakaifungulia mpaka mwisho, na mtaa mzima ukajua kuna kitchen party. Mama jirani alichungulia juu ya ukuta akiwa amebeba mtoto. "Hongereni jamani!" alipaza sauti. "Bi harusi nani?" Nasra akamwonyesha Vero, aliyekuwa amekalishwa katikati ya ua kichwa kimefunikwa kanga, na yule mama akapiga vigelegele mpaka mtoto akaanza kulia. Sisi wanawali tulikaa tumepanga mstari, miguu imenyooshwa, tumefunikwa vivyo hivyo. Chini ya kanga yangu niliona vidole vyangu vya miguu, sakafu ya saruji, na sisimizi waliokuwa wanabeba kipande cha kitumbua. Nyimbo zilipoanza nilizitambua. Zilikuwa nyimbo za kwetu, zile za mafumbo, ambazo somo huziimba na mwali huzijibu kwa maneno na kwa viuno. Siwezi kuyaandika majibu yake hapa; niliapishwa nisiyatoe, na hicho ni kitu kimoja ambacho sijakihoji. Wenzangu waliochezwa walijibu, wakafunuliwa, wakavishwa kanga mpya. Zamu ya Vero ilipofika, Nasra aliimba fumbo la kwanza kwa ile sauti yake ya chini. Vero hakulijua. Angelijulia wapi?

Fimbo ilikuwa ya mpera, mbichi, ile inayopinda bila kukatika. Ilimpata kwenye mashavu ya miguu. Fumbo la pili, fimbo. La tatu, nyayo. Ndoo hazikusimama. Kila fimbo ilipotua walizipiga kwa pamoja, kwa hiyo ukiwa nje ya ukuta ungesikia ngoma tu. Vero hakutoa sauti, na nadhani kunyamaza kwake ndiko kulikoharibu kila kitu, maana Nasra alikuwa anasubiri kilio kama mtu anayesubiri chai ichemke, na hakikuja. Akahamia mgongoni. Niliona, kupitia uwazi wa kanga yangu, gauni la Vero likifanya mstari mwekundu, kisha mwingine, kisha mistari ikaungana. Mtu mmoja pembeni yangu alikuwa anatapika ndani ya kanga yake. Nikajifunua.

"Hiyo fimbo si ya mwali," nilisema. Sauti yangu ilikuwa ndogo, lakini ndoo ya karibu ilisimama, na ya pili ikakosa mapigo. "Kwetu si ya mwali. Mnajua nyote." Walijua. Kitomanga, Mchinga, kote tulikotoka, mwali akikosea jibu fimbo humwendea somo wake, kwa sababu yeye ndiye aliyepaswa kumfundisha. Ndiyo maana mwanamke hufikiri mara mbili kabla ya kukubali kuwa somo, na ndiyo maana akikubali hukufundisha mpaka uote yale majibu. Somo wangu wa Kitomanga alipigwa kwa kosa langu moja, akanitazama, na sijakosea tena. Hawa walikuwa wameichukua fimbo wakaiacha kanuni yake nyumbani. Niligeuka kumtazama Tatu. Alikuwa ameinamia ndoo yake kana kwamba anatafuta kitu ndani.

"Mwali hasemi," alisema Nasra.

"Mimi si mwali. Nilishachezwa. Mtu hachezwi mara mbili."

Nasra alinikaribia. Alikuwa anatokwa jasho, na puani kwake kulikuwa na tone ambalo hakulifuta. Hakukasirika. Aliniambia kwa sauti ambayo ni mimi tu niliyeisikia, kama mtu anayemweleza mwenzake siri ya kazi, "Najua kanuni. Lakini fimbo ikienda kwa somo, Siku, nani atakubali kuwa somo?" Ni jibu pekee la kweli nililowahi kupewa katika nyumba ile. Kisha akapaza sauti. "Haya! Bi Kwanini anataka kanuni. Awe somo wa msungo wake." Nilinyoosha mkono wa kushoto. Nilifanya hivyo kwa sababu nilifikiri ataona haya. Nilikuwa na elimu ya kutosha kuamini kwamba mtu akionyeshwa kosa lake mbele ya watu ataona haya. Akaitupa fimbo, akaokota mchi uliokuwa umeegemea kinu cha kisamvu, ule mrefu wa kutwangia wawili, akaushika kwa mikono miwili. Niliona kivuli chake sakafuni kabla ya kusikia. Sauti ya kiwiko kinapovunjika si kubwa. Ni kama mtu amekanyaga kifuu kilichofunikwa na nguo.

Nilikaa chini. Maumivu hayakuwa yamefika. Kilichofika kwanza ni kuona mkono wangu ukielekea mahali ambapo mikono haielekei. Ndipo Vero akasimama. Kanga ilimdondoka kichwani. Alikwenda kwa Nasra akaushika mchi, akauvuta mara moja, na Nasra aliyekuwa ameung'ang'ania akaja nao. Pigo la kwanza lilikuwa la mdomo. Niliona jino likiruka likagonga ndoo, na nakumbuka kwamba msichana mwenye ndoo hiyo alipiga mwiko wake, kwa mazoea tu. Nasra alianguka chini ya ngazi za kupandia ghorofani akajikunja, na Vero akamfuata, akampiga begani, mbavuni, akampiga kwenye mikono aliyojikingia kichwa. Hakuwa anapiga kama wao. Kila pigo lilikuwa na jina. Aliegemeza mgongo wake ukutani kwenye ile nafasi nyembamba chini ya ngazi, akasukuma mchi mbele kama anayesukuma mlango, na nikaelewa amerudi kule chumbani kwake, anawasukuma wale wanaume watoke. Wasichana sita au saba walimrukia, aliwatikisa. Tatu alimmwagia maji ya moto ya chai mgongoni, juu ya yale majeraha, na ndipo kwa mara ya kwanza siku ile Vero akapiga kelele. Ng'ambo ya ukuta yule mama akaitikia kwa vigelegele.

Hospitalini tulisema tumeanguka ngazi. Daktari aliuangalia mgongo wa Vero, akauangalia mdomo wa Nasra, akauliza ngazi hizo zina meno. Kwenye kamati ya nidhamu ya chuo wasichana wote wa Sare Moja walisema hawakuona. Nilisema nilichokiona, nikaulizwa kama ninaye shahidi, nikamtaja Tatu, naye akasema alikuwa jikoni. Vero alipoulizwa alisimama. "Nilimpiga," alisema. "Wangechelewa kidogo kunizuia ningemuua." Walimfukuza yeye, kwa kuwa ndiye aliyekiri. Nasra alirudi darasani na pengo na mbavu zilizofungwa, akafanya mitihani yake. Alikuja kuniona kabla sijatolewa plasta, amebeba uji wa mchele kwenye chupa ya chai, akanimiminia na kunishikia kikombe kwa sababu sikuweza. Uji ulikuwa mtamu, una iliki. "Kitanda chako kipo," alisema, akitema hewa kwenye pengo. "Kile cha shuka ya maua. Umestahimili." Nikamuuliza kwa nini. Akainua mkono, nikajikunja, lakini alikuwa ananifuta uji kidevuni.

Sikukichukua. Nilihamia chumba cha Vero nyuma ya kilabu, maana kodi yake ilikuwa haijaisha, nikakiegemeza kitanda mlangoni. Wale wanaume walikuja usiku mmoja. Nilisukuma kwa bega la kulia, plasta nimeikumbatia kifuani, wakanitukana matusi ya kila lugha ya mkoa ule mpaka wakachoka. Nikiwa nimeegemea pale nilijiuliza kama nimekuwa shujaa au mjinga. Ndani ya geti la chuma, chini ya chandarua kisicho na matundu, kulikuwa na kitanda kitupu chenye shuka ya maua, na watu wawili walikuwa wamemwaga damu kwa ajili yake, na hakuna aliyekilalia.

Baada ya mazishi nilipanda basi la Dar, na lilipoingia Somanga likasimama ili abiria wale samaki. Nilijua Vero ana banda pale. Watu walikuwa wameniambia. Alikuwa ameketi nyuma ya karai la mafuta, amenenepa, akitwanga kitunguu saumu na pilipili kwenye kinu kidogo cha mkono. Alinitambua kwa mkono kabla ya uso. Tukashikana muda mrefu, mafuta yakilia nyuma yetu. Nikamwambia Nasra amekufa. "Kafa?" Akageuza samaki. "Kafa." Akageuza mwingine. "Jino aliweka?" Nikasema aliweka la bandia, zuri, huwezi kujua. Akaguna, akanipa samaki mmoja kwenye sahani na ndimu, akasema nile kabla dereva hajawasha gari, na nilipokuwa nakula akamwita mdogo wake, Agnes, aje anisalimie.

Agnes alikuwa na mabega yale yale. Alikuwa amepangiwa chuo chetu, anaanza mwezi ujao, na begi lake lilikuwa tayari limefungwa limesimama pembeni ya banda. Juu yake kulikuwa na kanga mpya iliyokunjwa, bluu iliyokoza na nyeupe. Nilisoma maandishi yake nikaacha kutafuna. "Wamenitumia dada wa huko," alisema. "Shikamoo. Dada Vero huwa anakutaja. Lakini siku hizi hawapigi. Wanasema ni nyimbo tu na chai."

Nikaupangusa mkono wa kushoto, nikaulaza juu ya meza, katikati ya mifupa ya samaki na maganda ya ndimu. "Unyooshe," nikamwambia. Alicheka kidogo, kwa adabu. Akaushika kwenye kifundo, akavuta polepole, kisha akavuta kwa nguvu, akiwa amekunja uso kama anayefungua mfuniko uliokaza. Ulifika pale unapofikia siku zote ukagoma. Akauachia. Utingo alikuwa anagonga ubavu wa basi.

"Kule chuoni," Vero alimuuliza, bila kuinua macho kwenye karai, "vitanda wameongeza?"

"Bado, dada."

Vero akatikisa kichwa. Akaondoa lile karai motoni, akaukung'uta mchi kwenye ukingo wa kinu mpaka vipande vya kitunguu saumu vikaanguka, akaupangusa kwa upindo wa kanga yake, akampa. Agnes akautazama, akautazama mkono wangu, kisha akafungua zipu ya begi, akaiingiza ile kanga, akaulaza mchi juu yake.